Aliyetufundisha Kutokimbia

Alikuwa haitiki akiitwa mara ya kwanza. Ungesimama mlangoni mwa chumba chake cha kazi, hatua tatu kutoka kitini pake, useme "Mama Mwalimu," naye angeendelea kuandika kana kwamba umemwita mtu wa lupangu lingine, uani kwa jirani. Ukiita mara ya pili, kimya vilevile. Ilibidi uingie, uzunguke meza, akuone uso, ndipo aseme, "Ee papa, njo weye," yaani kumbe ni wewe, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Sisi wanafunzi wake sita tuliamini kwamba sikio lake moja limekufa. Mwenzetu mmoja alimshauri amwone daktari wa masikio. Alikwenda kweli, akarudi na karatasi iliyoonyesha kwamba anasikia vizuri kuliko sisi sote, akaibandika ukutani juu ya kiti chake. Tabia yake haikubadilika hata kidogo.

Kituo chetu cha tiba ya mazungumzo kilikuwa mtaa wa Katuba, nyuma ya shule ya msingi: vyumba vitatu, viti vya plastiki, na paa la mabati lisilo na dari. Masika yalipofika, mvua ilipiga bati hadi usisikie hata kikohozi chako mwenyewe. Kituo kingine wangewaambia watu warudi kesho. Yeye alikataza. Mvua ikinyesha katikati ya mazungumzo, wewe na mtu wako mlikaa mkitazamana mpaka iishe, bila simu, bila kalamu, bila kujifanya unasoma faili. Mara ya kwanza nilikaa hivyo dakika arobaini na mama mmoja aliyefiwa na mapacha. Sikujua niweke wapi macho wala mikono. Mvua ilipokwisha yule mama alinishukuru, akasema tangu msiba ule hakuna aliyemtazama muda mrefu kiasi hicho. Nilipomweleza Mama Mwalimu kwa furaha, aliniuliza tu kama nilikuwa nimemtazama yeye au ukuta uliokuwa nyuma yake. Nilikuwa nimetazama ukuta.

Tiba aliyotufundisha ina jina refu la Kifaransa, lenye neno la kukubali na neno la kujitolea ndani yake, lakini yeye aliiita "kazi" tu. Kwa ufupi ni hivi: uchungu haufukuzwi. Unaupa nafasi ya kukaa, unayatazama mawazo yako kama mawazo na si kama amri, halafu unafanya lile ulionalo kuwa la maana katika maisha yako, uchungu ukiwa bado umekaa palepale. Vitabu alivyosomea vilikuwa na zoezi la kuweka mawazo juu ya majani yanayoelea mtoni. Alilifuta. Alikuwa amekulia kando ya reli, kwa hiyo alitupeleka kwenye reli, akatukalisha kwenye nyasi, akasema kila wazo lipandishwe kwenye behewa lake. Treni zenyewe siku hizi ni chache, tulingoja asubuhi nzima jua likituchoma. Ilipopita moja, yenye mabehewa marefu ya madini, alitembea nyuma yetu akimgusa kila mmoja begani. "Inapita," alisema. "Weye usipande."

Mtu akisema "mimi ni bure kabisa," alimtaka aongeze maneno matatu mwanzoni: "Wazo yangu inasema mimi ni bure kabisa." Ilionekana mchezo wa watoto, na wakubwa wengi waliukasirikia. Mzee mmoja aliyestaafu mgodini alimwambia hakuja kufundishwa kusema. Mama Mwalimu alimjibu, "Muntu hatoshake kivuli yake na ufagio, baba. Lakini anaweza kujua kama ni kivuli." Mzee alicheka kumwazia mtu anayefagia kivuli chake kiondoke, akarudi juma lililofuata, na lile lililofuata.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya kutukagua. Tulifika na madaftari yetu, tumepanga habari za watu wetu kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye aliyakusanya yote na kuyakalia. Hakutaka habari. Aliuliza swali moja, zamu kwa zamu: "Ni fasi gani ulikimbia?" Fasi ni mahali, na mahali alipopataka ni ile dakika ambayo moyo wako ulikazana, ukabadili mada, ukatoa ushauri, ukatazama saa, ukamletea mtu maji ambayo hakuyaomba. Hakuna aliyeponyoka. Mwenzetu aliyedai kwamba hakukimbia popote alirudishwa nyumbani akafikiri, na Alhamisi iliyofuata alileta fasi nne.

Nisije nikamchora mtakatifu. Mwanamke aliyefundisha kukubali alikuwa na ugomvi wa miaka kumi na mmoja na jirani yake kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, na hakukubali hata sentimita moja. Hakuweza kupanga foleni. Alikula amesimama. Kwenye misiba alisimulia vituko vya marehemu mpaka wafiwa wakacheka huku kamasi zikiwatoka, lakini ukimtajia ndoto uliyoota kuhusu mtu aliyekufa, alifanya ishara ya msalaba chini ya meza akidhani huoni. Mimi nilikuwa naona. Nilimtania mara moja kwamba msomi mzima anaogopa ndoto. Aliniambia nichunge mdomo wangu, na hakuwa anatania.

Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Kaka zangu wana ghala la magodoro mjini, wanauza kwa jumla, na nilipochagua kazi hii walisema nimekwenda kuuza maneno rejareja. Nilitaka kuwaonyesha. Nataka hili lijulikane kabla sijaeleza la yule mtu wa mtaa wa Ruashi, maana kiburi hicho kilikuwemo chumbani siku ile.

Alikuwa mchimbaji wa madini kwa mkono. Rafiki yake alifukiwa na udongo pembeni yake, karibu kiasi kwamba waligusana viatu, na hawakumtoa. Tangu hapo, kila jioni, wanawake wakiwasha mbabula, yale majiko ya mkaa, na moshi wa makala ukijaa uani, alisikia rafiki yake akimwita kwa jina. Aliziba masikio. Alianza kunywa ili ile saa impite. Alianza kuchelewa nyumbani ili isimkute uani, kisha akaacha kula na watoto. Mkewe ndiye aliyemleta kituoni, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia mbele yangu kwamba amechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Miezi mitatu nilifanya naye kazi kama nilivyofundishwa, na alianza kupata nafuu. Alirudi kula na watoto mara mbili kwa juma. Nikaona nimefika pale penyewe. Kitu anachokikimbia ni sauti ile, basi aifungulie mlango. Nikamwambia: leo akikuita, usizibe masikio. Mwitikie. Mwambie karibu, kaa.

Alinitazama sana. Katika mji huu hata mtoto anajua kwamba aliyekufa akikuita huitiki. Kuitika ni kukubali kumfuata. Ndiyo maana watu wengi hawaitiki mwito wa kwanza mpaka wamwone anayewaita. Bibi yangu alinifundisha hayo hayo huko Kivu, kwa fimbo. Kwa hiyo nilijua, na hilo ndilo baya. Niliona ni woga kama woga mwingine, wa kukaa nao mpaka upungue, na niliona nitakuwa na kitu kizuri cha kueleza Alhamisi.

"Dokta, njo weye unasema vile?" aliniuliza.

"Ndiyo, ni mimi."

Jioni hiyo aliitika kwa sauti, mbele ya watoto, sahani ikiwa mkononi. Mkewe alimsikia akisema, "Karibu, ikala." Kisha akaweka sahani chini, akavaa koti, akatoka. Kesho yake mkewe alikuwa mlangoni pa kituo, akimtafuta.

Tulimtafuta majuma matatu. Nilisimama kwenye midomo ya mashimo pamoja na kaka zake, nikamulika tochi chini, nikaita jina lake, na kila nilipoita wachimbaji wengine walisogea mbali nami. Hatukupata hata kiatu. Familia ilikaa kilio, yaani matanga, bila mwili. Mama Mwalimu alikuja nami, akaketi kwenye mkeka kando ya yule mke, akamshika mkono mchana kutwa. Chakula kilipoletwa hakula. Tulipotoka aliniambia kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakwenda kwa yule mama. Nilimuuliza nikafanye nini. Akasema si kwenda kutibu, ni kwenda kukaa. Yeye hakurudi tena Ruashi.

Nilikwenda. Miezi ya kwanza mke aliniacha nimesimama nje ya mlango wa lupangu. Mwaka wa pili alinipa ungo wa maharagwe nichambue. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo, na ningependa angenilaumu. Mtoto wake wa kwanza alikua mbele ya macho yangu mpaka akanipita urefu, akinisalimia kwa heshima ambayo ilinikata.

Lakini kabla ya ziara hizo kuanza, niliacha kazi. Nilikwenda kwenye ghala la kaka zangu, nikaanza kupokea magodoro. Siku ya pili Mama Mwalimu alifika, akapanda juu ya rundo la magodoro yaliyofungwa nailoni, akaketi na mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja treni. Kaka yangu mkubwa alimuuliza anahitaji saizi gani. Alimwambia ananihitaji mimi.

"Kama unakuya huku juu unapenda kuuza matela, baki," aliniambia akilipiga godoro kofi; "juu" kwake ni kusema "kwa sababu". "Kama ni juu unakimbia, nitakuya kila siku."

Alikuja siku nne. Wateja walimzoea, mmoja akamwomba bei. Siku ya tano nilirudi Katuba, na watu wote niliowasaidia tangu hapo wametokana na ukaidi ule wa juu ya magodoro. Nilimwona kama mama yangu. Nilisema hivyo kwa watu, hata kwa mama yangu mwenyewe, ambaye hakupendezwa.

Kuna jambo jingine nilimwambia yeye peke yake. Mwaka wa tatu, saa ya kuwasha mbabula, nilianza kumsikia yule mtu. Hakuniita kwa jina. Aliita "Dokta," kwa ile sauti ya kuuliza, mara moja tu, kutoka nyuma ya bega la kushoto. Mimi ni mtu niliyesoma, najua masikio ya mtu mwenye hatia yanaweza kufanya nini, na nakwambia kwamba hata siku moja sikuthubutu kugeuka. Nilileta habari hiyo siku ya Alhamisi, wenzangu walipokwisha kuondoka, kama fasi niliyokuwa nakimbia. Nilitegemea aniulize sauti iko wapi mwilini, ina uzito gani, kama alivyouliza siku zote. Alikusanya kalamu zake, akasema kichwa kinamuuma, akatoka akaacha mkoba wake mezani. Nilidhani nimemtisha kwa mambo ya wafu. Nikajilaumu kwa hilo pia.

Halafu akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, akastaafu, akahamia kwa binti yake mitaa miwili kutoka kituoni. Tulimtembelea kwa zamu. Alijifunza kuandika kwa kushoto, akawa na hati ya mtoto wa darasa la kwanza, na alijivunia hati ile.

Mwaka huu, mwaka wa sita, familia ya yule mtu iliamua kutosha kilio, yaani kuuondoa msiba. Ndivyo ilivyo kwetu: siku inawekwa, watu wanakusanyika, wanakunywa, nguo za marehemu zinagawiwa, mjane anavuliwa uzito wa msiba, na marehemu anaachwa aende. Mkewe aliniambia mwenyewe, huku akinipa maharagwe. Itakuwa Jumamosi inayofuata. Aliniomba nisimame niseme neno, kwa sababu mimi ndiye niliyezungumza na mumewe mara ya mwisho kwa kirefu. Jioni nilimpigia Mama Mwalimu simu nikamweleza. Simu ilikatika, nikadhani ni mtandao. Kesho yake asubuhi binti yake alinipigia niende upesi.

Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa vitenge vya kutokea, kichwa amekifunga. Alimtuma binti yake sokoni, akaniambia nifunge mlango.

"Ile muntu yako ya Ruashi alikuya kwangu," alisema.

Nilimuuliza lini.

"Kesho yake asubuhi. Mbele ya kituo kufunguliwa. Mbele bibi yake afike."

Yaani kabla mke wa yule mtu hajafika kumtafuta kwetu. Alinisimulia polepole, mdomo ukimvuta upande mmoja. Alimkuta ameketi kwenye ngazi ya kituo, koti limelowa umande, anatetemeka. Yule mtu alimwambia kwamba amemwitikia rafiki yake, na rafiki yake amekaa, na sasa hataki kuondoka. Mama Mwalimu alijua la kufanya. Ndilo alilotufundisha sisi kila siku ya Mungu. Angeketi naye kwenye ngazi ile mpaka tetemeko lipungue. Hakuweza. Alisema alimwogopa. Hakumwogopa yule mtu mwenyewe, ila yule asiyeonekana ambaye mtu huyo alikuwa akimwachia nafasi pembeni yake kwenye ngazi. Basi alimshika mkono, akampeleka mahali malori ya njia ya Kasenga yanapopakia, akamkabidhi kwa binamu yake dereva, amshushe Kasomeno, mbali na mji. Alimwambia asitazame nyuma, asimwambie mtu, asirudi mpaka amwite. Mara moja tu dereva alileta habari kwamba amefika, anapakia magunia ya mahindi. Mwaka wa pili Mama Mwalimu alipotuma mtu kumwita, hakuwepo tena, na hakuna aliyejua alikoelekea.

Nilisikiliza hayo nikiwa nimesimama. Nilikumbuka tochi yangu ikimulika ndani ya mashimo.

"Uliniacha nikamtafuta chini ya udongo," nilisema.

"Ee."

"Miaka sita."

"Ee."

Nilimuuliza kwa nini. Alisema mwanzoni ilikuwa secret professionnel, siri ya mtu haitolewi. Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa kibaya, nakikiri. Aliinamisha kichwa. Akasema aibu ndiyo iliyomfunga. Angewezaje kusimama mbele yetu Alhamisi, yeye aliyemfundisha kila mtu kubaki, aseme kwamba siku ilipofika alimpakia mtu kwenye lori?

"Kila Alhamisi nilibauliza fasi gani mulikimbia," alisema. "Nilikuwa nangoya mumoja aniulize na miye. Hakuna mwenye aliuliza."

Nilimwambia kwamba amenila. Neno hilo kwetu ni zito, ni neno la wachawi, na nilimtupia mwanamke mgonjwa aliyekuja kuniokoa juu ya magodoro. Hakujitetea. Alilia kwa jicho moja, lile zima, na alipofuta uso kwa mkono wa kushoto nilitaka kumsaidia na nilitaka kumwacha alie. Nikashika komeo la mlango.

Alisema Jumamosi watagawa nguo za mtu ambaye huenda yu hai. Watamwambia aende, na watoto wake watasikia wakimwambia aende. Akaniomba nimpeleke Ruashi.

Nilimwambia daktari amemkataza safari. Nilimwambia ampigie yule mke simu. Nilimwambia aende peke yake kama nilivyokwenda mimi, kila Jumamosi ya kwanza, miaka sita. Alinyoosha mkono wake mzima akatafuta viatu chini ya kitanda bila kuvipata.

"Naogopa," alisema. "Unipeleke hivi hivi naogopa."

Nilipiga magoti nikamvalisha viatu. Hasira yangu haikuwa imepungua hata kidogo. Tulikodi taksi. Karibu na mgodi vumbi lilituingia, akajifunika pua kwa ncha ya kitenge, na mkono wake uliolegea ulikuwa juu ya goti langu kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuuondoa, nami sikuuondoa.

Lupanguni sufuria kubwa za kuazima zilikuwa zimepangwa ukutani kwa ajili ya Jumamosi. Yule mke alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu. Alipotuona aliacha mwiko ndani ya chungu, akafuta mikono, akaleta kiti kwa ajili ya Mama Mwalimu. Mama Mwalimu alikikataa. Aliushika mkono wangu, akashuka taratibu mpaka chini, akanyoosha miguu kwenye udongo kama tunavyokaa mbele ya mtu tuliyemkosea.

"Mama," alisema, "bwana yako hakukufaka ile siku. Alikuya kwangu muzima. Njo miye nilimutuma aende mbali, na sikukuambia."

Yule mke hakumtazama. Alinitazama mimi, muda mrefu.

"Na weye ulijua?"

"Tangu leo asubuhi," nilisema.

Alilipima jibu hilo. Kisha akageuka, akaitoa bukari motoni ingali mbichi, akamwita mwanawe mkubwa aliyekuwa ndani akamwambia atoke akae hapa asikie. Akaketi chini akitazamana na Mama Mwalimu, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Anza mwanzo," alisema. "Usiache kintu."

Mama Mwalimu alianzia kwenye ngazi ya kituo, kwenye koti lililolowa umande. Yule mke akangoja yaliyofuata.